SOMO LA ROBO HII: MZAZI KATIKA SAFARI YA WATOTO WA CHEKECHEA



Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo kamati nyingi huliona dogo: nafasi ya mzazi pale watoto wa chekechea wanaposhuka kutoka vigango vya Uluguru kwenda mjini Morogoro kutazama mchezo wa kuigiza wa watoto. Bajeti inapobana, nauli ya mzazi ndiyo hukatwa kwanza. Tunaomba tujifunze pamoja kabla ya kuikata.

Msingi wa Maandiko

Someni Luka 2:41-52. Yusufu na Maria walisafiri katika msafara mkubwa wa ndugu na jamaa. Walidhani mtoto yumo msafarani, na mwendo wa siku nzima ukapita. Walikuwa wazazi wema. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyejua kwamba mtoto huyu yuko mikononi mwake. Walipompata Hekaluni, alikuwa akisikiliza na kuuliza maswali, na mama yake akayaweka mambo hayo moyoni. Hapo tunaona kazi ya mzazi safarini: kumlinda mtoto, kumsikiliza, na kurudi nyumbani na yale aliyoyaona.

Kutazama mchezo si anasa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia mtoto haki ya kucheza na kushiriki sanaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mwanawe.

Mkoa wetu una ushahidi wa nguvu ya sanaa hiyo. Profesa Penina Mlama, ajulikanaye pia kama Penina Muhando, alizaliwa Berega mwaka 1948. Pamoja na Profesa Amandina Lihamba alianzisha mpango wa TUSEME mwaka 1996, ambamo wasichana wa shule waliigiza matatizo yao wenyewe na kuyajadili. Jambo gumu kutamkwa hutamkika likiwekwa jukwaani. Mtoto wa miaka 5 naye, akimwona sungura akionewa jukwaani, anaweza kusema njiani, "Hata mimi hufanyiwa hivyo." Ni lazima awepo mtu wa karibu wa kulisikia neno hilo.

Kazi tatu za mzazi

1. Kulinda. Barabara ya Sangasanga kwenda Mgeta ina kona na miteremko, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, huteleza. Mjini kuna magari na pikipiki ambazo mtoto wa mlimani hajazizoea. Mwalimu mmoja hawezi kuwashika mikono watoto 30. Kila mtu mzima apewe watoto wake kwa majina, awahesabu wakati wa kupanda gari, kushuka, kuingia ukumbini na kutoka.

2. Kutuliza na kufafanua. Mwigizaji aliyevaa ngozi ya fisi huwatisha wadogo. Pajani pa mama hofu hupungua. Wapo pia watoto ambao Kiluguru ndicho wanachokielewa zaidi, na mzazi anaweza kuwanong'oneza maana.

3. Kusikiliza. Jioni mzazi asimuulize mtoto, "Umejifunza nini?" kama mtihani. Amuulize, "Nani alikufurahisha? Nani alikuogopesha?" kisha anyamaze, asikilize. Mtoto akieleza kwamba anaumizwa, mzazi asimkaripie wala asilitangaze. Amwambie mwalimu mkuu au ofisa ustawi wa jamii mapema.

Nani aende?

Wengi hudhani ni mama tu. Lakini mama anayeuza mboga hupoteza kipato akiondoka siku ya soko, basi kamati ipange siku kwa kushauriana naye. Baba anafaa. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mjomba na bibi nao wana nafasi yao. La msingi ni kwamba mtoto amjue na amwamini, na familia imkubali.

Kwa kamati na wafadhili

Elimu bila ada iliyoanza 2016 inahusu shule za serikali. Chekechea za parokia bado hutegemea michango. Kwa hiyo safari ikilipiwa na kila familia yenyewe, mtoto wa maskini ndiye hubaki kigangoni akiwaona wenzake wakiondoka. Tunashauri nauli na chakula cha wazazi viandikwe katika bajeti tangu mwanzo, kama sehemu ya ulinzi wa watoto. Mfadhili akiuliza kwa nini anawalipia watu wazima, mwonyesheni orodha ya majina: mtu mzima huyu, watoto hawa. Fedha zikipungua, ni heri kuahirisha safari kuliko kuwapeleka watoto bila walinzi.

Maswali ya kujadili

1. Katika safari yetu iliyopita, kila mtoto alikuwa mikononi mwa nani?
2. Ni watoto gani walibaki, na kwa sababu gani?
3. Mtoto akisema jambo zito, sisi tutamwendea nani kwanza?

Jadilianeni katika kikao kijacho na mwandike mliyokubaliana katika kumbukumbu za kamati.