Shangazi, paka wetu hatoki uvunguni

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mji wa Kale, Mombasa. Baada ya Idi nilimkuta paka jike karibu na soko la samaki, amekonda na ana jeraha mguuni. Nilimfunika kwa kanga nikaja naye nyumbani. Jeraha limepona, lakini anashinda uvunguni mwa kitanda na chakula anakula usiku tukishalala. Juzi binti yangu wa miaka tisa aliingiza mkono kumvuta, akaumwa hadi damu ikatoka. Baba watoto anasema huyu hafugiki, nimrudishe sokoni. Mama mkwe naye anasema paka wa jalalani ni najisi. Binti analia kutwa. Nifanyeje?
Mama Watoto, Mombasa

Mwanangu, tuanze na mkono wa mtoto, paka atafuata. Kama hukumpeleka hospitali siku ile, mpeleke leo, hata kama kidonda kimefunga. Kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake, paka pia hukiambukiza, na dalili zikishamwanzia mtu ni nadra sana kupona. Anayeumwa huoshwa jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha daktari ndiye anayeamua juu ya chanjo. Mweleze kuwa paka ametoka mtaani. Atataka pia kujua kama mnyama yupo na ni mzima katika siku 10 baada ya kuuma. Kwa hiyo, kwa sasa safari ya sokoni haipo, na baba watoto aelezwe hivyo.

Sasa tumzungumzie huyo mgeni wenu. Paka hujifunza kumzoea binadamu akiwa mdogo sana, hasa kati ya wiki ya pili na ya saba tangu azaliwe. Aliyepitisha wiki hizo nyuma ya meza za samaki, huku akifukuzwa kwa maji na mawe, hukua akijua kwamba mtu ni wa kukimbiwa. Wako alifunikwa kanga, akabebwa, akawekwa katika nyumba yenye harufu na sauti ngeni. Akapata kimbilio moja tu, uvungu, na mkono ukamfuata humo humo. Hakumuuma binti yako kwa chuki. Alikuwa hana pa kukimbilia tena.

Basi acheni kumvuta. Asiviziwe, asikumbatiwe, asifagiliwe nje kwa ufagio. Mtafutie chumba kidogo chenye utulivu, hata stoo, umlazie boksi la katoni kwa ubavu na ndani utandike kanga uliyoivaa bila kuifua, ili azoee harufu yako. Beseni la mchanga liwe mbali na sahani yake, na usafishe kila siku.

Chakula ndicho kitakachokufungulia mlango. Usiache sahani usiku kucha. Mpe asubuhi na jioni kwa saa zile zile, ukae chini upande wa pili wa chumba, umpe ubavu badala ya uso, na baada ya nusu saa uondoe kilichobaki. Mwanzoni huenda asile ukiwepo. Akipitisha siku nzima bila kula, muachie sahani utoke, ujaribu tena kesho ukiwa mbali zaidi, kwa maana kumshindisha njaa hakumfundishi mapenzi. Akishakula mbele yako, sogeza sahani kidogo kidogo. Samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba anafaa. Mabaki ya mchuzi usimpe, kwa sababu vitunguu huharibu damu ya paka, na maziwa huwaharisha wengi.

Binti naye ana kazi, tena kubwa kuliko yako. Mkono ukishatibiwa, akae mlangoni mwa chumba hicho asome kitabu chake cha shule kwa sauti ya chini, bila kumkodolea paka macho. Wakikutana macho, afumbe yake polepole, ayafumbue polepole, kisha atazame kando. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kwamba paka hujibu ishara hiyo, na humsogelea kwa urahisi zaidi mgeni anayewafanyia hivyo.

Siku atakapokuja mwenyewe kukunusa, weka kidole usawa wa pua yake na utulie. Akisugua shavu, mkune hapo shavuni mara mbili tatu, uache yeye akiwa bado anataka. Masikio yakilala au mkia ukichapa huku na huku, ondoa mkono. Mkia uliosimama wima ni salamu njema.

Kwa mama mkwe, nenda kwa adabu, au mtume mwanawe. Hadithi ya sahaba Abu Qatada anaijua pengine kuliko sisi: aliinamisha chombo cha maji ya udhu paka akanywa, akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi. Anachochukia huenda ni harufu, na dawa ya harufu ni lile beseni.

Sitakudanganya. Paka aliyekulia mtaani hadi utu uzima huenda asikae mapajani mwa mtu maisha yake yote. Wengine huishia kulala chumba kimoja nawe na kukupokea mlangoni, basi. Mwandae binti kwa hilo mapema, ahesabu kila hatua ndogo na asingoje kumbeba kama mdoli.

Siku 10 zikiisha salama, muite daktari wa mifugo amchanje na amfunge kizazi, maana jike hushika mimba hata akiwa na miezi minne. Mwambie amtazame sikio kwanza: ncha ikiwa imekatwa kwa mstari ulionyooka, yaelekea ameshafungwa. Na sokoni asirudi, mwanangu. Nafasi yake kule imeshachukuliwa na wengine, na chakula cha uhakika anacho kwako. Mwombe baba watoto ampe muda hadi mwisho wa mwaka, kisha uniandikie tena.