Mafuta ya Kukinga Jua: Ngao ya Mtoto Mwenye Ualbino

Wazazi wengi wa watoto wenye ualbino huwapaka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando kabla ya kwenda juani, wakidhani kila mafuta ni kinga. Sivyo. Tuone sababu.

Jua hufanya nini?
Mwanga wa jua una mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo mionzi ya urujuanimno. Ikiingia katika chembe hai za ngozi, huharibu vinasaba, yaani maagizo yanayoiongoza chembe: sehemu mbili zilizo jirani hugandamana isivyopasa. Mwili hurekebisha kasoro hizo, lakini si zote. Zikirundikana mwaka hadi mwaka, chembe huweza kuanza kuongezeka ovyo. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi.

Ngozi nyeusi ina rangi iitwayo melanini, ambayo hunasa sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Mwenye ualbino ana melanini kidogo sana au hana kabisa.

Mafuta hukingaje?
Dawa zilizomo hunasa mionzi kabla haijazama ndani, na kuigeuza kuwa joto dogo lisilodhuru. Mafuta ya nazi hayana nguvu hiyo ya kutosha. Tazama alama ya SPF kwenye chupa. SPF 30, yakipakwa ya kutosha, huzuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi. Huko Moshi yametengenezwa mafuta ya namna hiyo, yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Mzazi, zingatia haya:
1. Mpake mtoto dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka. Usisahau masikio, shingo na midomo.
2. Rudia kila baada ya saa 2, na kila akitoka jasho au akioga.
3. Mvalishe kofia pana na nguo za mikono mirefu. Akae kivulini kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, hata kukiwa na mawingu.
4. Mtoto wa chini ya miezi 6 akingwe kwa kivuli na nguo.

Mafuta hayafuti madhara yaliyokwisha kutokea. Ndiyo maana tuanze mapema. Ukiona kidonda kisichopona au uvimbe, mpeleke mtoto hospitali bila kukawia. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona.