Udaga, Kimchi na Faida ya Mboga Zilizochachushwa

Katika mji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, uchachushaji wa chakula si jambo geni. Mihogo huchachushwa hadi ilainike, kisha huanikwa na kusagwa kuwa unga wa udaga. Kazi hiyo ya vijidudu husaidia kupunguza sumu ya sianidi iliyomo katika mihogo michungu.

Wakorea huchachusha mboga. Kabichi na figili huchanganywa na chumvi, pilipili, tangawizi na kitunguu saumu, zikawa kimchi. Mwaka 2013, UNESCO iliorodhesha desturi ya familia za Korea Kusini kutengeneza na kugawana kimchi miongoni mwa urithi wa utamaduni wa binadamu.

Tofauti kubwa ya vyakula hivi viwili ni moto. Ugali wa udaga husongwa katika maji yanayochemka, na bakteria hufa. Kimchi huliwa bila kupikwa, hivyo bakteria wa asidi ya laktiki huingia mwilini wakiwa hai. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2021, ulioshirikisha watu wazima 36, ulionyesha kuwa waliokula vyakula vingi vilivyochachushwa, ikiwemo maziwa mgando na kimchi, walipata aina nyingi zaidi za bakteria tumboni. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini hayaifanyi kimchi kuwa dawa.

Kabichi ya sokoni inatosha. Kilo 1 iliyokatwakatwa huhitaji gramu 20 za chumvi. Hufikichwa hadi itoe maji, huongezwa viungo, kisha hushindiliwa katika chupa safi ya kioo hadi maji yake yaifunike. Baada ya siku 3 hadi 7 huwa imechachuka. Yenye ukungu au harufu ya kuoza hutupwa.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, kwa kuwa mboga hizi hazipikwi, zisioshwe kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa. Kipindupindu na homa ya matumbo huenea kwa njia hiyo. Pili, gramu 100 za mboga hizo zina takriban gramu 2 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Mwenye shinikizo la juu la damu ale kidogo sana, apunguze chumvi katika mchuzi, na asiache dawa zake.