Namna ya Kusimamisha na Kuzima Pikipiki
Kwa wamotari wa njia za Kasongo, Wamaza na Kabambare

Mteja akikugusa bega, punguza gesi kwanza, tazama nyuma, ndipo usogee ukingoni upande wa kuume. Usisimame kwenye kona wala chini ya kilima, maana lori lenye mzigo likishuka haliwezi kukukwepa.

Tumia breki zote mbili. Udongo ukiwa mkavu, ya mbele ndiyo yenye nguvu, ibane taratibu. Mvua ikinyesha, gurudumu la mbele likifunga kwenye tope jekundu umeanguka, basi egemea zaidi breki ya nyuma na ushuke giya moja moja ili injini ikuzuie. Klachi ibane mwishoni. Ukiibana mapema kwenye mteremko, pikipiki inajiendea.

Ukisimama, weka nyutro, miguu yote miwili chini, zima injini, shika breki ya mbele. Sasa mteja ashuke. Hapa pana shida ya kweli, nasi tuiangalie vizuri. Pikipiki zetu nyingi zina bomba la moshi upande wa kuume, na mama mwenye mtoto mgongoni akishukia huko anaunguza shavu la mguu. Kwa hiyo ashukie kushoto. Lakini kushoto ndiko magari yanakopita. Dawa yake ni kutoka barabarani kabisa, hatua mbili tatu ndani ya nyasi, nawe utazame nyuma kabla ya kumwambia, "Mama, shuka."

Bidoni za mawese zishushwe na watu wawili kwa pamoja. Ukifungua ya upande mmoja, ya pili inaangusha pikipiki.

Stendi huzama kwenye udongo laini. Weka jiwe bapa chini yake. Penye mteremko, elekeza gurudumu la mbele juu na uiache pikipiki kwenye giya ya kwanza.

Zima kwa funguo pia, si kwa kitufe chekundu peke yake, la sivyo taa itamaliza betri. Usiku funga koki ya mafuta, kwani kabureta iliyochakaa huvujisha. Esanse ya chupa usiimimine injini ikiwa moto, wala karibu na sigara.

Gesi ikikwama njiani, usihangaike na mkono wa gesi: bana klachi, bonyeza kitufe chekundu, shika breki, toka barabarani. Waya wa gesi ubadilishwe kabla hujapakia mteja mwingine.