Umebadilisha programu ya malipo? Usipoteze kazi yako toleo jipya likija

Ikiwa duka lako hupokea oda mtandaoni kwa WooCommerce, malipo ya simu hupitia programu-jalizi iliyotengenezwa na watu wengine. Mara nyingi fundi wako huibadilisha kidogo ili ifae biashara yako. Hapo ndipo pa kuwa makini.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Samburu, Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi. Fundi ameongeza nauli ya kupeleka mzigo Taru na Mackinnon Road. Toleo jipya linatoka, mwenye duka anabonyeza "sasisha". Folda ya zamani inafutwa yote na mpya inakaa mahali pake. Mteja wa Taru analipia mabati tu; usafiri sasa ni juu ya duka.

Kukataa kusasisha si dawa, kwa sababu matoleo mapya huziba mianya ya wezi. Dawa ni kutenganisha kazi ya watu na yako. Tumia Git, programu ya bure ya kutunza historia ya msimbo, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005.

1. Tawi la "asili". Weka msimbo kama ulivyotoka kwa mtengenezaji, bila kugusa hata herufi.

2. Tawi la "duka". Lianzie kwenye asili. Mabadiliko yako yote yakae hapa, kila moja na maelezo yake, kwa mfano "nauli ya Taru".

3. Toleo jipya likija. Rudi kwenye asili, futa faili za zamani, weka mpya, hifadhi. Kisha hamia duka, uandike `git merge asili`. Pale mtengenezaji na fundi wako walipogusa mstari uleule, Git itasimama na kuuonyesha. Fundi aamue.

4. Jaribu pembeni kwanza. Lipa shilingi 10, uone kama pesa imeingia na oda imesoma "imelipwa".

Kumbuka: PIN, nywila na funguo za malipo zisiingie kwenye Git kamwe. Zikiingia, kufuta faili hakutoshi, maana historia bado inazo. Badilisha mara moja.

Akaunti ya kuhifadhia msimbo nayo iwe ya duka, si ya fundi. Akihama, mwulize mwenzake anayekuja: asili iko wapi, na mabadiliko yetu ni yapi? Akikuonyesha yote mawili, endelea na biashara.