SOMO LA WIKI: Kampuni ikiua, mwenye hisa hulipa

Machi 6, 1987 feri ya Uingereza, Herald of Free Enterprise, iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Ilipinduka, watu 193 wakafa. Kampuni ilishitakiwa kwa kuua bila kukusudia, lakini kesi ilianguka mwaka 1990: hakupatikana kiongozi mmoja wa juu ambaye kosa lake lingehesabiwa kuwa la kampuni.

Sheria ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Aprili 2008, iliziba mwanya huo. Mahakama hupima jinsi wakuu walivyoendesha shughuli, na adhabu ni faini kwa kampuni yenyewe. Ya kwanza kutiwa hatiani, Februari 2011, ilikuwa kampuni ndogo, Cotswold Geotechnical Holdings. Mfanyakazi wake alifukiwa na udongo shimoni. Faini ilikuwa paundi 385,000, zaidi ya mauzo yake ya mwaka mzima. Rufaa ilikataliwa.

Hatari hii haionekani kwenye mizania. Kabla ya kununua hisa au kuingia ubia, mwekezaji aulize: usalama kazini unasimamiwa na nani, na umetengewa fedha kiasi gani? Kampuni inayobana matumizi hapo inacheza na roho za watu, na mtaji wake pia.