Taswira za Moyoni na Haiba ya Mtu: Somo kutoka Uwanda wa Ufipa

Mwalimu huwataka wanafunzi wake wafumbe macho na kujiona wakitembea njiani. Njia hiyo huwafikisha mtoni, kisha mlimani, kisha kwenye nyumba, na mwishowe hukutana na mnyama. Wakiisha kufumbua macho, kila mmoja huandika alichokiona. Ndipo hutolewa ufunguo: mto ni nguvu za maisha, mlima ni hamu ya kufaulu, nyumba ni nafsi yenyewe, na mnyama ni hisia zilizofichika. Kwa ufunguo huo mwanafunzi huambiwa yeye ni mtu wa namna gani. Je, hii ni elimu, au ni ramli iliyovikwa joho la sayansi?

Asili ya zoezi

Katika miaka ya 1950, tabibu wa Kijerumani, Hanscarl Leuner, alianza kuwatibu wagonjwa wa nafsi kwa taswira za kuongozwa. Mgonjwa alilegeza mwili, akaombwa aone mbuga ya majani, kijito, mlima, nyumba na ukingo wa msitu. Kabla yake, mwaka 1921, Hermann Rorschach wa Uswisi alikuwa ametangaza kipimo chake cha madoa ya wino. Wazo lililo nyuma ya kazi hizi mbili linafanana: mtu akipewa kitu kisicho na umbo kamili, hukikamilisha kwa yale yaliyomo moyoni mwake.

Yafaa kukumbuka kwamba kwa Leuner taswira ilikuwa mwanzo wa mazungumzo marefu baina ya tabibu na mgonjwa. Haikuwa hukumu ya dakika kumi.

Mandhari huja kwanza

Akili haichori picha kutoka katika utupu, huchota kumbukumbu. Sumbawanga ipo kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, katika uwanda ambao sehemu zake nyingi ni nyasi, wenye vilele vya Mbizi upande mmoja. Magharibi ardhi huporomoka hadi Ziwa Tanganyika, na mashariki hadi bonde la Ziwa Rukwa. Mwanafunzi aliyekulia uwandani, penye mashamba ya matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea, akiambiwa "ona njia", huenda akaona njia nyeupe isiyo na mti hata mmoja. Mwenziwe wa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, huenda akaona njia iteremkayo ufukoni. Ufunguo uliotungwa Ulaya waweza kumwita wa kwanza mpweke na wa pili mwenye hisia nyingi. Kumbe kila mmoja ameeleza kwao tu.

Alama nazo zina kwao. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1974 jinsi chatu alivyokuwa na nafasi ya heshima katika mawazo ya Wafipa, akihusishwa na mizimu ya nchi. Mwanafunzi aliyesikia habari hizo kwa babu yake, akimwona chatu katika zoezi, hakuona lazima kitisho. Ufunguo usiojua hayo utamsoma kinyume.

Tena watu hawalingani katika kuona kwa moyo. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alitangaza matokeo ya kuwauliza watu waikumbuke meza yao ya chakula cha asubuhi. Wengine waliiona dhahiri, na wengine hawakuona picha yoyote. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo ya kutoona picha jina la afantasia. Si ugonjwa, wala si uvivu wa mwanafunzi.

Mbona ufunguo huonekana kusema kweli?

Jibu lilitolewa na Mmarekani Bertram Forer katika makala ya mwaka 1949. Aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake peke yake. Wakayapima kwa alama kutoka 0 hadi 5, na wastani ukawa 4.3 hivi. Kumbe wote walipewa maelezo yale yale, ambayo mengi yalitoka katika kitabu cha unajimu. Maneno kama "una uwezo ambao hujautumia" humfaa kila mtu, na kila mtu huyapokea kama siri yake.

Jaribio la darasani

1. Wanafunzi 40 wafanye zoezi la njia, mto, mlima, nyumba na mnyama, kila mmoja akiandika peke yake.
2. Kwa kufuata ufunguo, mwalimu aandike tafsiri fupi ya kila mwanafunzi, bila jina na bila kutaja picha zenyewe.
3. Kila mwanafunzi apewe tafsiri tano, yake ikiwa moja kati ya hizo, achague aionayo kuwa yake.
4. Hesabuni waliochagua sawa.

Kwa bahati tupu, mmoja kati ya watano atapata, yaani wanafunzi 8 kati ya 40. Wakipata 6 au 12, hilo laweza kuletwa na bahati. Wakipata 20, hapo pana jambo la kuchunguza upya.

Tahadhari

Mwanafunzi asilazimishwe kushiriki wala kusoma taswira yake mbele ya wenzake. Nyumba aionayo aliyefiwa na mzazi yaweza kuamsha huzuni ambayo mwalimu hana ujuzi wa kuitibu. Hatari kubwa zaidi ni kumbandika mtoto jina. Watu wa Sumbawanga wanalijua jambo hili: jina la mji wao hufasiriwa na wengi kuwa "tupa uchawi", na bado wako watu wa mbali ambao kwa jina hilo tu huwadhania wenyeji kuwa wachawi. Ikiwa tafsiri ya neno moja yaweza kuupotosha mji mzima, tafsiri ya picha moja yaweza kumpotosha mtoto mmoja kwa urahisi zaidi.

Taswira ina faida yake: hufungua mazungumzo na hunoa uandishi wa insha. Lakini mwenye haki ya kwanza ya kuieleza ni yule aliyeiona.

Maswali

1. Kwa nini Forer aliwapa wanafunzi wote maelezo ya namna moja?
2. Taja alama moja ya kwenu ambayo mgeni angeifasiri vibaya. Eleza sababu.
3. Katika darasa la wanafunzi 30, kila mmoja akipewa tafsiri sita, ni wangapi wangepata kwa bahati tupu?